Baridi Ile Waliyonipumzisha

Wenzangu munaopita njia hii ya dawa, nawaandikia nikiwa nimekaa, maana miguu bado haijarudi yote. Shule niliishia darasa la tatu kwa masista, kule Bukavu. Lakini majina sisahau. Mtu akinitajia jina lake mara moja, limeingia, halitoki. Basi mukiona nataja watu mmoja mmoja, munivumilie. Mambo ya kidaktari sitayaeleza kwa sababu siyajui. Nitasema yale mwili wangu ulinifanyia, na yale niliyoyaona dirishani, na neno moja lililokaribia kuniua kuliko ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa wangu ulikuwa kansa ya utumbo. Walinipasua wakati jua la huku Birmingham bado linachelewa kutua, na majani yalipoanza kuanguka wakaanza kunitia dawa ya mshipa. Chumba cha dawa kina viti vikubwa vya kuegemea, vimepangwa kama vya kinyozi, na televisheni ukutani isiyo na sauti. Muuguzi wangu alikuwa Blessing, mama wa Nigeria, mwenye mikono ya joto. Alikuwa anaupigapiga mkono wangu kutafuta mshipa, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamejificha. Kiti cha kando yangu kilikuwa cha Errol, mzee wa Jamaika, mwenye kofia ya sufu ambayo sikumwona akiivua hata siku moja. Errol alitembea na peremende za tangawizi mfukoni. "All right, Mama?" anasema. "All right, Baba," nasema mimi. Maongezi yetu yaliishia hapo. Halafu ananipa peremende moja, tunafumba macho wote wawili, dawa inadondoka.

Dawa ile haipendi baridi. Blessing alinionya kwa vidole: usiguse baridi, usinywe baridi. Nilisahau. Nilifika nyumbani nikafungua bomba ninawe, maji yakanishika kama waya wa umeme, nikapiga kelele. Chantal, mke wa mwanangu Byamungu, alishuka ngazi mbio akidhani nimeanguka. Tangu siku hiyo nilitoa maziwa kwenye friji nikiwa nimevaa glavu. Hewa ya nje ikinipiga kooni, nilijisikia kama mtu anayekabwa. Na kila dawa mpya iliongeza. Vidole vikawa kama si vyangu. Nilishika kifungo cha nguo na sikujua kama nimeshika kifungo au hewa. Basi nikawa mtu wa ndani, mtu wa dirisha.

Tunakaa mtaa wa Shard End. Mlango wa jikoni una kioo kikubwa, na nyuma yake ni uwanja mdogo: nyasi, kamba ya nguo, mapipa ya taka, na uzio wa mbao ulioinama upande wa Maureen. Maureen ni jirani yetu, mjane kama mimi, mwenye magoti mabaya. Alikuwa ametundika chakula cha ndege upande wake, na aliponiona nimekaa pale kiooni kila siku, akatundika kingine upande wetu bila kuuliza mtu. Siku moja akanionyesha ndege mdogo mwenye kifua chekundu, akasema kwa sauti kubwa ili nisikie kupitia kioo: "Robin!"

Nikamwuliza mjukuu wangu Neema: "Robini gani? Yule wa Mama Sifa anayepiga gitaa kanisani? Amefanya nini?"

Neema alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. "No, Koko! Ni ndege! Jina ya ndege!"

Neema ni mtoto wa kwanza wa Byamungu na Chantal, mzaliwa wa hapa hapa. Ananiita Koko, kama Wakongomani wengi wanavyomwita nyanya, kwa maana kwetu bibi ni mke wa mtu. Watoto wetu wa huku munawajua: ukisema Kiswahili wanasikia yote, wakijibu wanajibu Kingereza. Lakini Neema kwangu alikuwa anajaribu. Jioni alikuja na chupa ya mafuta, akaniweka miguu mapajani mwake, akanipaka kidole kwa kidole miguu ambayo mimi mwenyewe sikuisikia. Alikuwa ananisimulia shule yake kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, maneno mengine yamekaa, mengine yamesimama. Ile ndiyo ilikuwa dawa niliyoipenda.

Kabla ya Noeli nikaitwa kwa daktari, Neema akanisindikiza. Mkalimani alikuwa wa simu. Simu ikakatika, wakapiga tena, ikakatika tena. Byamungu alikuwa kazini Tyseley, anakoosha mabehewa ya treni. Daktari alikuwa mwanamke kijana, jina lake Helen, mwenye macho ya upole. Akamtazama Neema, Neema akasema yeye ataweza. Wakaongea muda mrefu. Helen akanigusa bega. Halafu Neema akanigeukia huku anatabasamu, akasema:

"Koko, daktari anasema mwili yako imechoka sana. Dawa wanaacha. Wakati wa winter watakupumzisha."

Wenzangu, munalisikia neno hilo. Sisi watu wa kanisa hatusemi mtu amekufa. Mbwa ndiye anayekufa. Mama yangu alipumzika. Papa Byamungu, mume wangu, alipumzika, na nguo zake nikazikunja mwenyewe. Sasa naambiwa zamu imefika kwangu, na anayeniambia ni mtoto huyu, meno nje.

Nikasema, "Asante, mwanangu. Mwambie daktari asante."

Helen naye akatabasamu. Nikawaza, hawa watu wanajua kuagana.

Ndani ya basi Neema alinishika mkono wenye glavu. "Umefurahi, Koko?"

"Nimefurahi."

Jioni Byamungu akarudi kutoka kazini, hakuvua hata koti, akaja akachuchumaa mbele ya kiti changu. "Mama, Neema ameniambia. Tumshukuru Mungu. Umeteseka sana, sasa utapumzika." Mwanangu wa tumbo. Nikaona basi, wote wanajua na wote wamekubali. Mimi ni nani wa kuanza kulia na kuwavurugia? Nikamwambia akale, chakula kinapoa.

Ndivyo nilivyoingia majira yale ya baridi. Asubuhi nakaa kwenye kioo kabla hakujapambazuka vizuri. Wa kwanza kuja ni yule Robini, peke yake siku zote, kifua kama kaa la moto kwenye majivu. Halafu vile vidogo vya njano na buluu, vinakuja kwa kundi, vinakula kichwa chini. Halafu wale kama kunguru waliovaa shati jeupe, wagomvi, wanatembea kwenye nyasi kama wenye kiwanja. Na kindi wawili. Mmoja mkia wake ulikuwa umekatika, nikampa jina Nusu. Nusu alikuwa mwizi mwenye bidii. Anajining'iniza kwenye chakula cha ndege kwa miguu ya nyuma, anakula, Maureen anatoka na magoti yake mabaya anapiga makofi, Nusu anaruka juu ya uzio, Maureen anarudi ndani, Nusu anarudi kula.

Nilidhani wanyama hawa hulala baridi yote. Hawalali. Wanashinda wanachimba. Nusu alichukua karanga ya Maureen, akachimba kwenye nyasi zetu, akaitia, akapiga udongo kwa mikono yake miwili kama mwanamke anayepanda maharage, akatazama kushoto na kulia. Nilimwangalia siku nyingi. Nikawaza: mnyama huyu ana hakika ya mwezi wa tatu, baridi inapoisha. Mimi nimeambiwa sina.

Siku moja barafu ilifunga bakuli la maji ya ndege kwenye nyasi zetu. Kindege kimoja cheusi chenye mdomo wa njano kilisimama juu ya barafu kinagonga, kinatazama, kinagonga. Kutoka siwezi, baridi itanikaba. Nikagonga kioo. Nani wa kunisikia? Chantal alikuwa anajiandaa kwenda kazini, kachelewa, kiatu kimoja mguuni, akaja akaona ninachokionyesha. Alichukua birika la maji moto akatoka nalo na kiatu kimoja. Nimemwombea baraka kwa birika lile mpaka leo.

Chakula nikaanza kukiacha. Si kwa hasira. Niliona mtu anayeondoka hana sababu ya kujaza sahani. Chantal alipika sombe, yale majani ya muhogo, alitafuta sambaza, dagaa wa ziwa la kwetu, mpaka akazipata, akaleta ugali mdogo kama ngumi ya mtoto.

"Mama, kula kidogo basi," Byamungu akasema. "Vijiko viwili tu."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Unaangalia ndege wakila, wewe unashiba?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, na sahani ikarudi ilivyokuja.

Nilikuwa na kitenge kimoja kizuri, cha buluu, alichoninunulia Papa Byamungu. Nilikihifadhi kwenye sanduku, hakijawahi kuona sindano, ndicho cha kunifunika. Nikamwita Chantal, nikampa kwa mikono miwili. "Hiki utakitumia siku ile." Chantal akakikumbatia, machozi yakamjaa. Nikajua ameelewa.

Kumbe mdogo wake Solange alikuwa anaolewa. Siku ya harusi, Chantal akashuka ngazi akiwa ameshonesha kitenge chote, juu na chini, mabega yamesimama, viatu virefu. Akajizungusha mbele yangu. "Mama, angalia! Fundi amekata vizuri, non?"

Nilikiona kifuniko changu kinatembea kinaelekea harusini.

"Kinakupendeza," nikasema. Na kweli kilimpendeza.

Lakini lililonikata zaidi ni Neema. Sikumchukia, musinielewe vibaya. Ila kila nikitazama mdomo wake nilikuwa nalisikia lile neno. Alikuja jioni na chupa yake ya mafuta, nikaivuta miguu. "Acha, mtoto. Haina faida tena." Alisimama pale na chupa mkononi. Kesho yake akaja tena, nikasema nimechoka. Halafu hakuja tena. Jioni nikawa nasikia muziki wake ukutani, na mimi nimekaa na miguu yangu miwili mikavu. Byamungu akadhani msichana amekuwa na kiburi, akamgombeza mezani. Neema akainuka, akaacha chakula. Sasa tulikuwa wawili tusiokula.

Theluji ikaja, ikaondoka. Siku ya udongo uliolowa, Neema aliingia jikoni kuchukua maji, akasimama nyuma ya kiti changu. Hatukuwa tumesemezana siku kadhaa. Nusu alikuwa karibu na mapipa, anachimba. Naona mtoto alitaka tu kusema kitu cha kunifurahisha, akakitafuta kwa Kiswahili.

"Koko, ona. Nusu anazika karanga."

"Anafukia," nikasema. "Karanga inafukiwa. Anayezikwa ni mtu."

"Si ni sawa tu?"

"Si sawa hata kidogo."

Akainua mabega. "Kwangu yote ni kuweka chini ya udongo. Nachukua neno yenye iko karibu."

Nikaacha kumwangalia kindi. Neno lililo karibu.

"Neema. Ile siku simu ilikatika kwa daktari, Helen alisema nini? Usinigeuzie. Nipe neno lake lenyewe, la Kingereza."

Akafikiri. "Break. Alisema wanataka kukupa break."

Kingereza changu ni cha dukani, lakini neno hilo nalijua. Chantal anafanya kazi kwenye ghala la vifurushi. Nikimpigia simu anajibu anatafuna: "Mama, fanya haraka, niko breki." Breki ni kukaa, kuvua viatu kidogo, kunywa chai, halafu kengele inalia unarudi kazini.

"Breki?" nikasema. "Kama ya mama yako?"

"Yeah. Kama ya Mama. Vidole vyako vilikuwa vibaya, so wanaacha dawa upate nguvu. Halafu unarudi."

"Narudi wapi?"

"Kwa dawa! Mwezi wa tatu." Akainama kunitazama usoni. "Koko, mbona unalia?"

"Kitunguu," nikasema. Jikoni hapakuwa na kitunguu.

Sikumwambia. Niliona nikimwambia nitamvunja. Usiku huo nilikula ugali, na Byamungu na Chantal wakatazamana. Lakini mwili si mtoto kwamba ukiuita unakuja. Tumbo lilikuwa limekwisha kufunga milango. Nilichokula kilirudi.

Mwezi wa tatu tukaenda, mimi na Neema. Kwenye kiti cha Errol kulikuwa na mwanaume mwingine, mwenye nywele. Nikamwuliza Blessing, "Errol?" Blessing akanishika mkono, akafumba macho, akaweka kiganja chini ya shavu kama mtoto aliyelala. Errol ndiye aliyepumzika. Nilikaa baridi yote najililia mwenyewe, na mwenzangu anaondoka bila hata mimi kumwombea.

Safari hii mkalimani alikuja mwenyewe, mama wa Kenya aitwaye Atieno, mwenye miwani kwenye kamba. Helen akanipima uzito, akapima tena, uso ukabadilika. Akauliza maswali, Atieno akanigeukia.

"Mama, daktari anashangaa. Walikuacha bila dawa ndio unone, na wewe umeisha hivi. Shida ilikuwa nini? Ulikuwa huli?"

"Mwambie nilikuwa na huzuni."

"Huzuni ya nini, mama?"

Nilitaka kukwepa. Nikasema polepole, "Kuna neno nilielewa vibaya."

"Neno gani?"

"Kupumzishwa."

Atieno akavua miwani. "Ai! Nani huyo alikwambia unapumzishwa? Kwetu mtu akipumzishwa si amezikwa!"

Nilisikia tu kiti cha Neema kikivutwa sakafuni, na mlango.

Nilimkuta kwenye korido, kaegemeza paji la uso kwenye ile mashine ya kuuza soda. Aliongea Kingereza tupu, haraka, na mimi nikaambulia maneno machache: mimi, wewe, kuua. Nikamwambia, "Hukuniua. Nimesimama hapa." Nilitaka kumshika uso, lakini vidole vyangu havikusikia kama nimemshika kwa nguvu au kidogo. Aliutoa uso wake taratibu.

Dawa hazikuweza kuanza. Kwanza ninenepe, wakanipa vichupa vya maziwa matamu yenye ladha ya chaki. Maua ya njano yakatoka chini ya uzio wa Maureen, yakanyauka, ndipo wakakubali. Na picha ya tumbo ikaonyesha kwamba uvimbe wa kansa uliobaki haukunisubiri, ulikua. Hilo Neema alilisikia kama sisi wote. Wakanitia dawa nyingine, isiyogombana na baridi lakini iliyokula nywele zangu. Nilitapika majira yote ya jua. Maureen alinisalimia kutoka kwenye uzio, na kindi wakawa na watoto. Majani yalipoanza kuanguka tena, Helen akasema, kwa mdomo wa Atieno, kwamba uvimbe umesinyaa na umetulia. Haujaisha. Umenyamaza, kama mbwa aliyelala mlangoni, nawe unapita kwa kunyata.

Basi nawaambia wenzangu: simu ikikatika, kaeni. Semeni hapana, leteni mkalimani, hata kama mutarudi siku nyingine. Musimtwike mtoto mzigo huo, hata akijitolea. Na ninyi mulio na mgonjwa nyumbani, akinyamaza musiseme ni jasiri. Mwulizeni alisikia nini.

Neema sasa anasoma mji mwingine, Leicester. Anapiga simu Jumapili baada ya kanisa. Ananiuliza hali kwa Kingereza, namjibu kwa Kiswahili, anasikia, anajibu kwa Kingereza. Hata "shikamoo" aliyofundishwa na Mama Sifa ameiacha. Si kwamba amesahau. Nilimwuliza mara moja. Akasema hataki tena kukosea kwangu. Byamungu alitaka kumkaripia, nikamwambia amwache. Utumbo walinitibu kadiri walivyoweza. Hili hawakuwa na dawa yake.

Neema hawezi kusoma Kiswahili, anakisikia tu. Nimemwomba Chantal amsomee haya kwenye simu, mpaka mwisho, asiruke.

Neema, mama yangu, umesikia. Baridi imeingia tena na sijui nitapewa ngapi nyingine. Jumapili ukipiga, usiniambie kwa Kingereza. Nipe neno lolote lililo karibu. Ukosee. Safari hii nitauliza.